Kupayuka kwenye simu hakuisogezi Hulugho karibu

Bila shaka umewahi kupanda basi la kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda Garissa. Kama si hilo, basi la Mombasa, au matatu ya kukurudisha nyumbani jioni. Kabla gari halijatoka mjini, simu inalia. Abiria wa kiti cha nyuma anaipokea, na kuanzia hapo basi zima linajua mambo ya kwao: ng'ombe wangapi wamefika kisimani, nani ameposa, nani anadaiwa, shangazi gani anaugua na ugonjwa wenyewe ni upi. Mwenyewe hana habari kwamba anasikika. Unageuka kumtazama kwa jicho kali, naye ndiyo kwanza anazidi kupaza sauti.

Wengi wetu huliona jambo hili kuwa utovu wa adabu, tukaishia hapo. Leo ningependa tulitazame kwa jicho la kitabibu. Kupayuka kwenye simu kuna sababu zake, na nyingi kati ya hizo zinaweza kurekebishwa. Isitoshe, yuko mtu anayeumia kuliko wewe uliyenyimwa usingizi ndani ya basi. Huyo ni mgonjwa anayezungumziwa. Siri yake imetangazwa mbele ya watu hamsini wasiomjua, na pengine mmoja anayemjua.

SIMU YA KUTOKA MBALI

Ili tuelewane vizuri, hebu tuichukue Hulugho kama mfano. Huu ni mji mdogo wa wafugaji katika kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Kutoka Nairobi hadi mjini Garissa pekee ni takriban kilomita 370. Baada ya hapo kuna safari nyingine ndefu ya kuelekea kusini-mashariki, kwenye barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha hazipitiki. Mgonjwa akizidiwa huenda akahitaji kupelekwa Masalani, au Garissa, au hata Nairobi. Kila hatua ya safari hiyo huendeshwa kwa simu: kutafuta gari, kuchanga fedha, kuuliza majibu ya maabara, kuwajulisha jamaa.

Kwa hivyo usidhani kwamba anayezungumza na watu wa Hulugho anapiga porojo. Mara nyingi simu hiyo ndiyo inayoamua kama mama mjamzito atafika hospitali.

Sasa ongeza tatizo la mtandao. Katika kaunti za Kaskazini Mashariki milingoti ya simu imeharibiwa na washambuliaji wa al-Shabaab zaidi ya mara moja, na vijiji vikabaki bila mawasiliano. Ndiyo maana serikali, kupitia mfuko maalumu wa Mamlaka ya Mawasiliano, imelazimika kuyalipa makampuni ili yajenge milingoti mahali ambapo biashara peke yake haingewafikisha. Mtu aliyezoea kuuliza "unanisikia?" mara kumi katika simu moja hujifunza kupaza sauti, na mazoea hayo huyabeba hadi mahali ambapo mtandao ni safi.

Mazoea yenyewe yana historia. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na kambi za Dadaab kufunguliwa katika eneo hilo la Garissa, watu waliotawanyika walitafutana kwa redio za mawasiliano ambazo Wasomali huziita taar. Ulikwenda kwenye kibanda cha mwenye redio, ukaacha ujumbe kwamba fulani aitwe, kisha ukarudi saa mliyoagana. Alizungumza mmoja kwa wakati, kwa sauti kubwa, halafu akamwachia mwenzake zamu. Waliokuwa kibandani walisikia yote. Mwenye redio nyingine popote aliyefungulia masafa hayo naye alisikia. Huko hapakuwa na faragha, na kila mtu alijua hivyo, kwa hivyo yaliyo mazito yalisemwa kwa mafumbo au yalingoja barua na mtu wa kuaminika.

Simu ya mkono ilipokuja ilileta faragha ile iliyokosekana. Lakini wengi wetu bado tunaitumia kana kwamba ni redio ya kibandani. Tena tumeyasahau mafumbo.

KWA NINI TUNAPAYUKA?

Sababu ya kwanza ni kelele zinazotuzunguka. Mwaka 1911 daktari wa masikio Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akisikia kelele masikioni hupaza sauti yake bila kukusudia, na kelele ikiondolewa hushuka mwenyewe. Tabia hiyo haitoki kwenye fikra. Ni mwili unaojirekebisha, kama vile mboni ya jicho inavyojifinya mbele ya mwanga. Ndani ya basi kuna injini, upepo wa dirishani na muziki wa dereva. Anayezungumza na simu humo hupanda sauti hadi aishinde injini, na mwenyewe hajui kama amepanda.

Sababu ya pili ni namna simu ilivyoundwa. Simu za zamani za waya zilikurudishia sauti yako sikioni ukiongea, na kwa hiyo ulijua unasema kwa nguvu kiasi gani. Katika simu nyingi za mkono sauti hiyo inayorudi ni hafifu, na penye kelele humezwa kabisa. Mtu asiyejisikia hupayuka.

Sababu ya tatu iko akilini. Tunadhani aliye mbali anahitaji sauti kubwa. Sivyo. Sauti yako haisafiri kwa nguvu ya mapafu mpaka Hulugho. Simu huigeuza kuwa mawimbi yanayoruka hadi mlingoti ulio karibu nawe, na kazi yako inaishia hapo. Mtandao ukiwa mbovu, maneno hukatika kwa sababu mawimbi yamepotea njiani, na hata ungepiga ukelele wa kuzimia, yaliyopotea hayarudi. Zaidi ya hayo, kinasa sauti cha simu ni kidogo mno. Ukikipigia kelele kwa karibu, sauti hupasuka na mwenzako huelewa kidogo kuliko ungezungumza polepole.

HUENDA NI MASIKIO

Sababu ya nne ndiyo inayonihusu zaidi mimi kama tabibu. Mzee anayepayuka kwenye simu kila siku, mahali palipotulia na penye mtandao mzuri, huenda anapoteza usikivu.

Kuna aina mbili kubwa za udhaifu wa kusikia, na hutofautiana kwa sauti ya mgonjwa. Iwapo sikio limezibwa na nta au lina maji nyuma ya ngoma, mgonjwa husikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani kupitia mifupa. Huyu aghalabu huzungumza kwa sauti ya chini. Lakini iwapo kilichoharibika ni sehemu ya ndani ya sikio au mshipa wa fahamu, hasikii wengine wala hajisikii yeye. Huyo ndiye anayepayuka.

Anayeharibikiwa hivyo hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t. Atakuambia, "Nakusikia, ila sishiki unalosema." Mwambie kwenye simu ameze dawa saa tisa, yeye atashika saa sita. Hilo ni jambo la kuchekesha mpaka liwe limehusu dawa ya sukari au ya shinikizo la damu.

Sikio la ndani huharibiwa na uzee, na kelele za miaka mingi za mashine na jenereta, na homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa. Hapa Kaskazini Mashariki ina historia yake. Kifua kikuu kiliwasumbua mno wafugaji, na mwaka 1976 huko Wajir Mwitaliano Annalena Tonelli alianza kusimamia mpango wa kuwatibu. Wagonjwa walipiga manyata karibu na kituo wakakaa hapo miezi kadhaa hadi wamalize dawa, jambo lililookoa maisha ya watu wengi sana. Matibabu ya kifua kikuu ya miaka hiyo, hapa na kwingineko duniani, mara nyingi yalihusisha sindano za streptomycin. Dawa hiyo iliponya, lakini kwa baadhi ya watu inaweza kudhuru usikivu na pia uwezo wa kusimama bila kuyumba. Kwa hivyo ukiona mzee aliyepona kifua kikuu zamani anapiga kelele kwenye simu, usikimbilie kusema hana adabu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia. Wengi hawajawahi kupimwa.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya nyumbani. Simama nyuma ya mzee wako, umbali wa urefu wa mkono, ili asiusome mdomo wako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona tarakimu tatu, kwa mfano nne, saba, mbili. Mwombe azirudie. Akikosa, jaribu tena kwa tarakimu nyingine, halafu upime sikio la pili. Akishindwa kutaja angalau nusu ya tarakimu zote ulizonong'ona, mpeleke hospitali akaangaliwe. Pengine ni nta tu, inayoondolewa kwa dakika chache. Pengine atahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia. Usimchokonoe sikio kwa njiti wala kijiti cha pamba, na usimtie mafuta ya moto.

Jambo jingine: usimpigie kelele asiyesikia. Sikio la ndani likiharibika, sauti ndogo halisikii, na sauti kubwa kidogo tu humuumiza. Mkaribie, mtazame usoni, sema polepole.

KWA NINI INATUKERA HIVYO?

Huenda unajiuliza mbona mazungumzo ya abiria wawili hayakukeri kama ya huyu mmoja mwenye simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakiongozwa na Andrew Monk, walilichunguza hilo mwaka 2004. Waligundua kwamba watu hukerwa zaidi na mazungumzo ya simu kuliko ya ana kwa ana, hata sauti zikiwa sawa. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa watu kazi ya kuhitaji makini huku wakisikilizishwa mazungumzo. Waliosikia upande mmoja tu wa mazungumzo walifanya vibaya kuliko waliosikia pande zote mbili.

Sababu ni kwamba ubongo hupenda kubashiri neno linalofuata. Ukisikia "Eeh... hapana... lini?... amefariki?" ubongo huacha kazi yake ukaanza kutafuta upande uliokosekana. Huwezi kuuzuia.

Sauti hiyo haitakufanya kiziwi, ondoa shaka. Mazungumzo ya kawaida hufikia kama desibeli 60, na hatari kwa sikio huanza juu zaidi ya hapo, tena kwa saa nyingi. Lakini wodini hali ni nyingine. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya wodi zisizidi wastani wa desibeli 30. Hapa Kenya kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaziweka hospitali katika maeneo ya utulivu, ambako usiku kiwango ni desibeli 35. Mtu mmoja anayezungumza na simu kando ya kitanda, hata bila kupayuka, ameshakivuka kiwango hicho mbali sana. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, na ambaye dawa yake kubwa ni usingizi, hulipia mazungumzo hayo.

SIRI YA MGONJWA

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi inajulikana na basi zima.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba habari za mgonjwa, yaani hali yake, matibabu yake na hata kulazwa kwake, ni siri. Madaktari na wauguzi tunafungwa na sheria hiyo pamoja na kiapo chetu. Lakini nani atamzuia mpwa wa mgonjwa aliyesimama kwenye foleni ya dawa, akimweleza kaka yake aliyeko Hulugho kwamba makohozi yamepimwa na kifua kikuu kimeonekana? Katika mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake, na hata ng'ombe wa mwenzake, habari hiyo itafika kisimani kabla ya mgonjwa kurudi nyumbani. Atatengwa. Binti yake aliyeposwa huenda akaachwa. Na mwingine mwenye kikohozi cha wiki tatu, akishayaona hayo, ataficha chake na kuendelea kuambukiza watoto anaolala nao.

Hapo ndipo kero inapogeuka kuwa ugonjwa. Mtu anayejua kwamba simu inasikika na wengine hasemi kinachomuuma. Mama anayetokwa na damu katika ujauzito, simu ikiwa kwenye spika mbele ya wakwe, atakuambia "mimi ni mzima, tumbo linauma kidogo tu." Kijana mwenye usaha kwenye mkojo atasema ana malaria. Wewe uliye mjini utatuma fedha za dawa ya malaria.

WEWE ULIYE MJINI

Msomaji wa mjini, simu ina ncha mbili, na moja iko mkononi mwako. Ukimpigia jamaa mgonjwa, fanya yafuatayo:

1. Kwanza uliza: "Uko na nani hapo? Simu iko kwenye spika?" Kama hayuko peke yake, mwambie utampigia baadaye, au asogee kando.

2. Kama hawezi kusogea, muulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. "Je, unatoka damu?" "Je, mtoto anacheza tumboni?" "Je, maumivu yako kifuani?" Waliomzunguka watasikia "ndiyo" na "hapana" tu. Akijibu kwamba anatoka damu, au mtoto hachezi, usingoje faragha tena. Tafuteni gari mara moja.

3. Majibu ya vipimo usiyaseme ndani ya gari, kwenye foleni wala msikitini au kanisani. Kama ni lazima mtu ajue, mwambie tu kwamba majibu yametoka na utampigia jioni.

4. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu. Lakini kumbuka wazee wengi husomewa ujumbe na watoto. Na ujumbe wa sauti nao hufunguliwa kwenye spika watu wakiwa wamekaa.

5. Usiitaje namba yako ya siri ya M-Pesa kwa mtu yeyote kwenye simu. Anayekusikia si jamaa yako peke yake.

Na ili wewe mwenyewe usipayuke, ongeza sauti ya simu yako badala ya kuongeza ya mdomo. Ziba sikio la pili kwa kidole: utamsikia mwenzako, na utajisikia pia, hivyo sauti yako itashuka yenyewe. Shikilia simu vizuri, sehemu ya chini iwe karibu na mdomo. Mtandao ukikatika, kata simu, tafuta mahali pa wazi au palipoinuka, upige tena. Na kama umepaza sauti mpaka ukakauka koo, na ukakwama hivyo zaidi ya wiki tatu, nenda ukaonwe na daktari.

MWOMBE KWA HESHIMA

Na abiria yule wa kiti cha nyuma? Kumkaripia hakusaidii. Kama ni injini inayomfanya apaze sauti, hajui. Kama ni masikio, hatakusikia, ila ataiona hasira usoni pako.

Mwendee karibu, ngoja anyamaze kidogo, umwambie taratibu. Kwa mzee wa Kisomali, neno adeer, yaani baba mdogo, hufungua milango: "Adeer, samahani, habari za nyumbani zinatufikia sote huku mbele. Huenda mengine si ya kusikiwa na sisi." Kwa wengine sema mzee wangu, au mama. Ukimwambia kwamba anatusumbua, atabishana nawe. Ukimwambia kwamba siri ya mgonjwa wake inasikika, wengi hunyamaza papo hapo, kwa sababu hakuna anayependa kumwaibisha wa kwao.

Wasomali husalimiana kwa neno "iska warran", ambalo maana yake ni "toa habari zako". Ni salamu nzuri. Anayeulizwa huchagua ni habari gani atatoa, na atampa nani. Mgonjwa naye ana haki ya kuchagua hivyo, hata kama anayezungumza kwa niaba yake ni wewe.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.